Kwaya ina kombe, muziki hauna darasa

Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hulipigia makofi kila mwaka bila ya kuliuliza hata swali moja. Nalo ni muziki katika shule zetu za upili.

Kila muhula wa pili unapoelekea ukingoni, mabasi ya shule hujaa barabarani yakiwa yamebeba watoto, ngoma, mikuki ya mbao, na sare za kitenge zilizoshonwa usiku kucha. Hao ni washindani wa Tamasha la Muziki la Kenya. Tamasha hili si la jana. Lilianza mwaka 1927, wakati wa ukoloni, na mwaka 2027 linatimiza miaka 100. Washindani huanzia kaunti ndogo, wakapanda hadi kaunti, kisha eneo, hadi kufika fainali za taifa. Wanaofanikiwa kabisa humwimbia Rais wa nchi. Nani asiyefurahi kumwona mtoto wa shule ya kutwa, ambaye nyumbani kwao hakuna hata redio nzima, akisimama mbele ya viongozi akaimba hadi watu wakanyamaza kimya?

Mimi hufurahi. Nimehudhuria mashindano hayo mara nyingi nikiwa na kinasa sauti begani. Lakini kazi ya mtangazaji ni kuuliza, na kila ninapoingia katika ofisi ya mwalimu mkuu na kuona makombe yamepangwa juu ya kabati, humuuliza hivi: "Mwalimu, darasa la muziki liko wapi?"

Katika shule nyingi jibu ni kicheko kidogo. Darasa la muziki halipo. Mwalimu wa muziki hayupo. Somo la muziki halimo katika ratiba. Kombe lipo, kwaya ipo, lakini muziki haufundishwi.

Basi hilo kombe lilipatikanaje? Msikilizaji, mambo huenda hivi. Tamasha linapokaribia, shule humkodi mkufunzi kutoka nje. Mkufunzi huyo huwa na shule tatu au nne kwa wakati mmoja. Hufika jioni, watoto wakiwa wamechoka na masomo ya mchana, akawapanga kwa sauti: soprano huku, alto kule, tena nyuma, besi pembeni. Humwimbia kila mmoja mstari wake, naye huurudia mpaka ukakaa kichwani. Hapana karatasi ya nota, na hata ingekuwapo hapana wa kuisoma. Baada ya wiki kadhaa wimbo umeiva. Watoto wanauimba vizuri kupita kiasi, pengine hata kwa Kilatini au Kijerumani, lugha wasizozijua. Tamasha likiisha, mkufunzi hulipwa akaondoka. Ngoma hufungiwa stoo pamoja na magoli mabovu ya mpira wa kikapu mpaka mwaka ujao.

Siwalaumu wakufunzi hawa. Wengi ni mafundi wa kweli, na wanatafuta riziki yao kwa halali. Wala kujifunza kwa sikio si jambo la kudharau, maana ndivyo babu zetu walivyorithishana nyimbo. Ninalosema ni kwamba shule ina wajibu zaidi ya huo. Mtoto akikariri kitabu kimoja kwa kusomewa, hatuwezi kusema amejua kusoma. Mpe kitabu cha pili uone. Vivyo hivyo mwanakwaya wetu: mpe wimbo wa pili bila ya mkufunzi, atabaki kuutazama.

Sasa, darasa la muziki hasa ni nini? Maana wako wazazi wanaodhani ni kipindi cha kupiga kelele. Muziki ni somo kamili la mtihani wa KCSE, na lina karatasi tatu. Mtahiniwa huimba au hupiga ala mbele ya watahini, na hutakiwa pia kusoma papo hapo nota asizopata kuziona kabla. Hupimwa sikio: huchezewa mahadhi, naye huyaandika kama vile mwandishi wa habari anavyoandika hotuba, sauti kwa sauti, akijua ipi ni ndefu na ipi ni fupi. Tena hupimwa nadharia na historia ya muziki. Hapo huchambua wimbo wa kigeni ulioteuliwa, na huchambua pia wimbo wa kienyeji wa Kiafrika: ni ala zipi zinazotumika, nani anaanzisha na nani anaitikia, mdundo umejengwaje, na wimbo huo huimbwa katika shughuli gani. Zaidi ya hayo yote, hutunga wimbo wake mwenyewe na kuuandika.

Nasisitiza hilo neno kuuandika, msikilizaji, kwa sababu hapo ndipo penye faida na hasara. Nitakupa mifano miwili.

Mfano wa kwanza unatoka kwa jirani zetu wa Congo. Katika miaka ya 1950, katika mji wa Kamina, huko Katanga ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, palikuwa na kwaya ya watoto wa shule na walimu wao. Aliyeianzisha ni padre Mbelgiji, Guido Haazen. Kwaya hiyo iliitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Walichukua maneno ya misa ya Kilatini wakayaimba kwa mahadhi ya Kiluba, huku ngoma zikilia, na sehemu kubwa ya muziki huo waliijenga pamoja kwa kuimba, mmoja akitoa na wengine wakipokea. Mwaka 1958 walizuru Ulaya, na wimbo wao, Missa Luba, ukarekodiwa katika sahani za santuri zilizosikika dunia nzima. Sehemu yake moja ilitiwa hata ndani ya filamu ya Kiingereza, If...., ya mwaka 1968. Baadaye kwaya yetu ya hapa nyumbani, Muungano National Choir chini ya Boniface Mganga, nayo iliirekodi misa hiyo hiyo ikasifiwa nchi za nje.

Je, ukitafuta leo Missa Luba ni kazi ya nani, jina la kwanza utakaloambiwa ni la nani? Ni la padre Haazen. Simsemi padre kwa ubaya, kwani bila ya yeye huenda tusingalijua habari zao. Lakini wale watoto na walimu wa Kamina waliotoa mahadhi kutoka vifuani mwao, wangapi kati yetu tunawajua kwa majina? Kalamu ilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na dunia humkumbuka mwenye kalamu.

Mfano wa pili tunao wenyewe. Wimbo wa Malaika umeimbwa na wasanii wa kila bara. Fadhili William aliurekodi na akadai ni wake. Wengine wakasema mtungaji ni Adam Salim, na majina mengine pia yametajwa. Wahusika wakuu wamekwisha kufariki, na ubishi haujafa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi ya muziki hailindwi mpaka iwe imeandikwa, au imerekodiwa, au imewekwa katika umbo jingine linaloshikika. Wimbo uliomo kichwani mwako, hata uwe mtamu namna gani, mbele ya sheria ni upepo. Utaniambia siku hizi kila kijana ana simu ya kurekodia. Kweli. Lakini watu watano wakiimba ndani ya simu moja, simu haisemi ni nani aliyetunga mahadhi, nani alipanga sauti, na nani aliitikia tu. Karatasi yenye jina na tarehe husema. Vijana wetu wanaingia studio wakiwa na vipaji vikubwa, kisha wanatia sahihi mikataba inayotaja mambo wasiyofundishwa na mtu. Nasi shuleni tuliwapigia makofi tu.

Si kwamba hatuna mfano mwema. Mwaka 1963, nchi ilipokuwa inajitayarisha kwa uhuru, palihitajika wimbo wa taifa. Kamati ya wanamuziki, miongoni mwao Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilikwenda kutafuta mahadhi ya wananchi. Yaliyochaguliwa yalitoka kwa Wapokomo wa mto Tana, nao ni wimbo ambao akina mama humbembelezea mtoto. Aliyewaimbia ni Mzee Meza Galana. Wanakamati wakayachukua mahadhi hayo, wakayaandika, wakayapangia sauti, na bendi ikayapiga. Hapo, msikilizaji, pana mambo mawili yaliyokutana: urithi wa mzee wa kijijini na ujuzi wa mtu aliyesoma muziki. Kimoja bila ya kingine hakingetupa wimbo tunaousimamia leo. Darasa la muziki ndipo mahali ambapo mambo hayo mawili yanaweza kukutana kila wiki, wala si mara moja tu katika historia ya nchi.

Kwa nini basi darasa hilo limekuwa adimu? Mimi ni wa kizazi cha 8-4-4, mfumo ulioanza mwaka 1985. Katika mtihani wetu wa darasa la nane tulikuwa na karatasi ya Sanaa, Ufundi na Muziki. Tulijifunza do, re, mi ubaoni, wengi wetu bila ya kuona kinanda, lakini angalau tulijua kwamba sauti huandikika. Kisha karatasi hiyo ikaondolewa katika mtihani. Na nchini kwetu somo likitoka katika mtihani, mwalimu wake hupewa hesabu afundishe. Watoto walipofika shule za upili bila ya msingi, wachache mno walilichagua. Wakuu wa shule wakaona hakuna haja ya kumtafuta mwalimu wa wanafunzi sita. Wanafunzi wa chuo kikuu nao wakaona hakuna haja ya kusomea ualimu wa muziki ilhali shule hazimtaki mwalimu wake. Mviringo huo ukajifunga, na ndani yake tamasha likabaki peke yake kama nyumba yenye paa bila ya kuta.

Nayasema haya leo kwa sababu mlango umefunguka, na tusipoangalia utafungwa tena. Katika mfumo mpya wa umilisi, kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10 mwezi wa Januari 2026. Wanafunzi hao huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Muziki umo katika mkondo huo wa tatu. Kwa mara ya kwanza serikali imesema waziwazi kwamba muziki ni njia ya masomo, yenye heshima sawa na kemia.

Heshima ya karatasi ni rahisi. Ninachohofia ni hiki: shule itaandika katika orodha yake kwamba inatoa mkondo wa sanaa, lakini haina mwalimu wa muziki, haina chumba, haina ala. Itawatia humo watoto walioonekana hawawezi sayansi, iwape daftari, na iwaambie wajisomee. Baada ya miaka mitatu watatoka mikono mitupu, nasi tutasema, "Si mnaona? Muziki hauna kazi." Mkondo utakuwa jaa la kutupia watoto, na kosa litatiwa muziki.

Kwa hiyo wewe mzazi ambaye mwanao anapenda muziki, usiridhike kuonyeshwa kombe. Uliza maswali manne. Kwanza, mwalimu wa muziki ni nani, na je, amesomea kazi hiyo? Pili, somo lina vipindi vingapi katika ratiba, mchana, kama masomo mengine? Tatu, ala ziko wapi, na mwanafunzi anaruhusiwa kuzigusa siku zisizo za tamasha? Nne, kuna kundi gani la kupiga pamoja mwaka mzima: bendi, kwaya, kikundi cha ngoma au cha nyuzi? Hili la nne ni muhimu. Muziki hausomwi na mtu peke yake chumbani. Katika kundi ndimo mtoto anapojifunza kumsikiliza mwenzake, kungoja zamu yake, na kuanza kwa wakati mmoja na watu thelathini. Ambaye hajafika mazoezini humwonea haya aliyefika, kwa sababu pengo lake linasikika.

Utaniambia ala ni ghali. Ni kweli piano ni ghali, na tarumbeta pia. Lakini nani amesema tuanze na piano? Katika madarasa ya chini watoto wengi walikwisha kununuliwa ile filimbi ya plastiki iitwayo rekoda, na wazazi wakalalamika sana kuhusu bei na kelele zake. Filimbi hizo sasa zimelala chini ya vitanda. Zikikusanywa, ni kundi tayari la filimbi. Kisha tutazame pembeni yetu. Nyanza kuna nyatiti na orutu. Kisii kuna obokano. Magharibi kuna isukuti, ambayo mwaka 2014 ngoma yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Pwani tuna kayamba, chivoti, zumari, na ngoma za kila namna. Hizi hutengenezwa na mafundi walio hai, kwa bei ambayo shule inaweza kuielewa, na zikivunjika fundi yupo. Kulindwa kwa haraka maana yake ni kijana wa miaka kumi na sita kujua kuipiga. Kuiweka katika orodha ya Paris peke yake hakutaipiga.

Hapa pana kizuizi cha sheria. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 haimruhusu mtu asiyesajiliwa kuajiriwa kuwa mwalimu. Mzee anayejua nyatiti kuliko maprofesa wote hawezi kupewa darasa. Naelewa sababu ya sheria hiyo, kwani watoto wetu wanahitaji kulindwa. Lakini mzee anaweza kualikwa akae kando ya mwalimu aliyesajiliwa, siku maalumu kila wiki, na alipwe kwa risiti. Zile fedha zinazomkodi mkufunzi wa msimu, tukizigawa kwa mwaka mzima, zitafanya kazi kubwa zaidi.

Na kwamba watoto wa maskini hawawezi muziki wa ala kubwa, hilo limekwisha kukanushwa. Huko Korogocho, Nairobi, kwenye uwanja wa Kanisa Katoliki la St John, karibu na jaa la Dandora, mradi wa Ghetto Classics umefundisha watoto fidla, klarineti na tarumbeta kwa zaidi ya miaka kumi. Watoto hao wamepiga katika kumbi kubwa za jiji, na baadhi yao sasa wanawafundisha wadogo zao. Jambo la kujiuliza ni hili: ikiwa mradi wa watu binafsi umeweza kando ya jaa, shule zenye kuta, taa na walimu zinashindwa na nini?

Kuna watetezi wa muziki husema ufundishwe kwa sababu humfanya mtoto ajue hesabu. Mimi sitatumia hoja hiyo. Wataalamu wanabishana juu yake, na hata ingekuwa kweli, hatusemi tufundishe kemia ili watoto wajue kuimba. Muziki unajitosheleza. Unaajiri watu katika bendi za polisi, za jeshi na za magereza, katika makanisa, hoteli, studio na matangazo ya biashara. Hata hiki kiashiria unachokisikia kabla ya taarifa ya habari kilitungwa na mtu, naye akalipwa.

Tena nawaheshimu wazazi ambao kwa imani yao hawapendi ala fulani. Shule iongee nao. Sauti ya mwanadamu ni ala iliyo halali kwa wengi, na dufu linajulikana vyema katika maulidi yetu. Mwalimu mwenye busara hakosi njia.

Ombi langu ni dogo. Wakuu wa shule, ratiba inapopangwa, kiwekwe kipindi cha muziki mchana, na stoo ifunguliwe. Wizara ya Elimu, isiidhinishwe shule kutoa mkondo wa sanaa mpaka ihakikishwe ina mwalimu na vifaa, kama vile maabara inavyokaguliwa kabla ya kemia. Tume ya Walimu, waajirini walimu wa muziki waliomaliza vyuo na sasa wanafundisha masomo mengine. Na waandalizi wa tamasha, mnapokaribia miaka 100, wekeni shindano la wimbo uliotungwa na kuandikwa na mwanafunzi mwenyewe, jina lake likiwa juu ya karatasi, na ulipewe uzito ule ule wa kwaya kubwa.

Tamasha la Muziki lidumu. Makofi pia yaendelee. Lakini mtoto aliyeshinda kombe mwezi wa Agosti aweze, mwezi wa Septemba, kufungua karatasi mpya na kuisoma bila ya kumngoja mtu.

Kwa leo ni hayo, msikilizaji. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutakutana tena saa na mahali pale pale. Kwaheri.